Kutoka Kanda hadi Diski: Historia ya Kutunza Picha za Video kwa Gharama Nafuu

Mwaka 1956, katika miji miwili ya jimbo la California nchini Marekani ambayo mwendo kati yake haufiki saa moja kwa gari, ulitokea uvumbuzi wa aina mbili ambao wakati huo haukuonekana kuwa na uhusiano wowote. Mjini Redwood City, kampuni ya Ampex ilikamilisha mtambo wa kwanza wa kurekodi picha za televisheni uliofaa kuuzwa, yaani VR-1000, uliobuniwa na kikundi cha wahandisi kilichoongozwa na Charles Ginsburg, na ambacho ndani yake alikuwemo kijana Ray Dolby, aliyekuja kujulikana baadaye kwa teknolojia ya sauti. Mjini San Jose, kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta ya RAMAC, iliyokuwa ya kwanza ya kibiashara kuwa na diski ngumu, yaani sahani za chuma zinazozunguka huku kichwa kidogo kikisoma na kuandika alama za sumaku juu yake. Vyombo vyote viwili vilitumia kanuni ileile ya kusumakisha chembe za oksidi ya chuma, lakini ilichukua karibu nusu karne kabla ya diski kuweza kufanya kazi ya kanda, na sababu ya kuchelewa huko, mtu akiichunguza kwa makini, ilikuwa ya kifedha zaidi kuliko ya kiufundi.

Mtambo wa Ampex ulitumia kanda yenye upana wa takriban sentimita tano, iliyopita mbele ya ngoma yenye vichwa vinne iliyozunguka mara 14,400 kwa dakika, kwa kuwa mawimbi ya picha yana habari nyingi mno kuliko ya sauti na yasingeweza kunaswa na kichwa kilichosimama mahali pamoja. Bei yake ilikuwa kama dola 50,000, na kanda tupu ya saa moja ilifikia kiasi cha dola 300, fedha ambazo kwa zama zile zilikuwa nyingi hata kwa kituo kikubwa cha televisheni. Tarehe 30 Novemba 1956 shirika la CBS liliutumia mtambo huo kwa mara ya kwanza kurudia taarifa ya habari kwa watazamaji wa pwani ya magharibi, ambako muda uko nyuma kwa saa tatu ukilinganishwa na New York. Matumizi hayo ya kwanza yanaeleza mengi: kanda ya video haikununuliwa ili itunze kumbukumbu, bali ilinunuliwa ili icheleweshe matangazo kwa saa chache, na sifa yake kubwa machoni mwa wahasibu ilikuwa kwamba inaweza kufutwa na kutumika tena.

Sifa hiyo ndiyo iliyoangamiza sehemu kubwa ya kumbukumbu za televisheni za miongo miwili iliyofuata. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilifuta maelfu ya vipindi vyake vya miaka ya 1960 na 1970, vikiwemo vingi vya tamthilia ya Doctor Who, kwa sababu kanda zilikuwa ghali, nafasi ya maghala ilikuwa ndogo, mikataba na waigizaji iliweka mipaka ya kurudia vipindi, na kuja kwa televisheni ya rangi kulifanya picha za rangi nyeusi na nyeupe zionekane hazina soko. Idara ya anga ya Marekani, NASA, iliyotafuta kanda asilia za data zilizobeba picha za kutua mwezini mwaka 1969, ilitoa taarifa mwaka 2009 kwamba kwa uwezekano mkubwa kanda hizo zilifutwa na kutumika tena kwa shughuli za setilaiti. Ni rahisi leo kuwalaumu waliotoa amri hizo, ila lawama hiyo haizingatii kwamba mtunza ghala wa mwaka 1970 alikuwa na chombo kimoja tu chenye thamani inayohesabika, nacho kilikuwa kanda yenyewe. Picha zilizokuwemo hazikuwa na bei katika daftari lolote.

Diski ngumu kwa wakati huo haikuweza kutoa msaada wowote. RAMAC ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha sentimita 61, ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja, ilikodishwa kwa dola 3,200 kwa mwezi, na uwezo wake ulikuwa herufi milioni tano, sawa na takriban megabaiti 3.75 kwa vipimo vya leo. Ili kuelewa uchache huo, inafaa kukumbuka kwamba picha moja tu ya televisheni ya mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika Afrika Mashariki, ikigeuzwa kuwa ya kidijitali bila kubanwa huchukua kama baiti 830,000, na kila sekunde ina picha 25. Kwa hiyo kompyuta yote ile, pamoja na kodi yake ya kila mwezi, isingeweza kubeba hata picha tano kamili, yaani chini ya sehemu moja ya tano ya sekunde.

Wakati diski zikiendelea kuwa mali ya mabenki na serikali, kanda ilizidi kupungua ukubwa na bei. Kaseti za U-matic zilitoka mwaka 1971, VHS mwaka 1976, na Betacam, iliyokuja kuwa kipenzi cha waandishi wa habari, mwaka 1982. Katika Afrika Mashariki historia hii ilikuwa na sura yake. Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa hiyo watu wengi wa Bara waliijua video kupitia deki na kaseti kabla hawajaijua televisheni kama huduma ya matangazo. Harusi, taarabu, mahafali na misiba ilirekodiwa kwa kaseti za VHS, na mpiga picha alipomaliza kuhariri alimkabidhi mwenye shughuli nakala, naye akabaki na nyingine, au akabaki na ile asilia hadi siku atakapopungukiwa na kaseti. Kile kilichotendeka London katika ofisi kubwa za BBC kilitendeka pia, kwa sababu zilezile, katika studio za vyumba viwili huku Pwani.

Kaseti zilikuwa na madhaifu mawili ambayo hayakuweza kutibiwa kwa kupunguza bei. La kwanza ni kwamba video ya analogia, yaani ile inayohifadhi mawimbi yenyewe badala ya tarakimu, hupoteza ubora kila inaponakiliwa, hivi kwamba nakala ya nakala ya nakala huwa na rangi zilizochuja na mistari inayotetemeka. La pili ni kwamba kanda ni kitu kinachooza: gundi inayoshikilia chembe za sumaku hufyonza unyevu na kuanza kunata, na katika miji yenye hewa ya bahari ukungu mweupe huota kwenye kingo za kanda, ukahamia kwenye vichwa vya deki na kutoka hapo ukaambukiza kaseti nyingine. Mafundi wa hifadhi hulazimika kuoka kanda za namna fulani kwa joto la nyuzi zipatazo 50 kwa saa kadhaa ili ziweze kuchezwa kwa muda mfupi tu, na katika muda huo ndipo picha zake huhamishwa.

Diski, kwa upande wake, ilipata njia ya kuelekea kwa watu wa kawaida katika miaka ya 1980. Mwaka 1980 kampuni ambayo leo inaitwa Seagate ilitoa diski ya ST-506, yenye uwezo wa megabaiti 5 na bei ya dola 1,500, ambayo iliingia ndani ya kompyuta ya mezani. Kwa video bado haikuwa na maana, lakini ilizaa soko la diski ndogo zilizotengenezwa kwa wingi, na soko hilo likazaa wazo ambalo ndilo msingi wa hifadhi zote za bei nafuu hadi leo. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa mwaka 1988 makala iliyodai kwamba diski nyingi za bei rahisi zikiunganishwa zinaweza kuishinda diski moja kubwa ya bei ghali, ilimradi uwepo mpango wa kustahimili kifo cha mojawapo. Mpango huo uliitwa RAID. Kanuni yake inaweza kuonyeshwa kwa hesabu ya mtoto wa shule: ikiwa diski ya kwanza imeandikwa 7, ya pili 5, na ya tatu ikatunza jumla yao ambayo ni 12, basi diski ya pili ikiharibika, ile 5 inapatikana tena kwa kutoa 7 katika 12. Watengenezaji baadaye waliibadili tafsiri ya herufi moja katika jina hilo, ile iliyosimama badala ya urahisi wa bei, ikawa ya kujitegemea kwa kila diski, jambo linaloeleweka ukizingatia bei walizokuwa wakitoza.

Hata hivyo, diski zilipoingia katika kazi ya video hazikuingia kama ghala, bali kama meza ya kazi. Mwaka 1989 kampuni ya Avid ilianza kuuza mfumo wa kuhariri kwa kompyuta, ambapo picha zilinakiliwa kutoka kwenye kanda kwenda kwenye diski, zikakatwa na kupangwa, kisha kazi iliyokamilika ikarudishwa kwenye kanda na diski ikafutwa kwa ajili ya kazi inayofuata. Utaratibu huo uliimarika zaidi mwaka 1995 ulipotoka mfumo wa DV, uliorekodi video kwa tarakimu kwenye kaseti ndogo inayotosha kiganjani, na ambao kwa waya wa FireWire uliweza kupeleka picha kwenye kompyuta bila kupoteza chochote. Saa moja ya DV ilichukua takriban gigabaiti 13, na kwa kuwa diski ya kompyuta ya nyumbani mwaka 2000 ilikuwa na gigabaiti kati ya 10 na 40, hakuna aliyewaza kuweka humo kumbukumbu za kudumu. Kaseti yenyewe ndiyo iliyokuwa asilia na hifadhi kwa pamoja. Ilitolewa kwenye kamera, ikaandikwa tarehe na jina, ikasogezwa kitufe cha kuzuia kurekodi juu yake, ikawekwa kwenye rafu. Pengine hakuna wakati katika historia yote ya video ambapo utunzaji uligharimu kidogo na kuhitaji juhudi ndogo kama miaka ile kumi ya DV, na ni ajabu kidogo kwamba hakuna aliyeisifu hadi ilipokwisha.

Mwisho wake ulikuja na kamera zisizotumia kanda. Panasonic ilileta mfumo wa P2 mwaka 2004, ikirekodi kwenye kadi za kumbukumbu zilizokuwa ghali kiasi kwamba hakuna aliyeweza kununua kadi mpya kwa kila kazi, na mwaka 2008 Canon ilitoa EOS 5D Mark II, kamera ya picha za mnato iliyoweza pia kurekodi video yenye mwonekano mkubwa, na ambayo pamoja na ndugu zake wadogo ilibadili kabisa kazi ya wapiga picha za harusi kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam. Badiliko lililofichika humo lilikuwa zito kuliko ubora wa picha. Kadi ilipaswa kusafishwa kabla ya kazi ya kesho, kwa hiyo nakala asilia ilikoma kuwepo kama kitu kinachoshikika. Kilichobaki kilikuwa faili kwenye diski, na siku diski hiyo ilipoanguka mezani hakukuwa na kaseti ya kurejea.

Hesabu ya mtu mmoja inatosha kuonyesha ukubwa wa mzigo uliohamia kwenye diski. Kamera hiyo ya Canon ilijaza gigabaiti nne kwa kama dakika 12, yaani gigabaiti 20 kwa saa. Mpiga picha aliyetumia kamera mbili kwa saa sita alirudi na gigabaiti 240. Akifanya harusi moja kila wiki, mwaka ulimwachia terabaiti 12 na nusu, terabaiti moja ikiwa ni gigabaiti elfu moja. Diski kubwa zaidi iliyouzwa mwaka 2009 ilikuwa na terabaiti mbili. Alihitaji saba, na kama alikuwa mtu wa tahadhari alihitaji kumi na nne, ilhali mteja wake alikuwa amezoea kulipia kamera na uhariri, hakuwahi kusikia kuhusu malipo ya kutunza.

Ni kweli kwamba bei ilikuwa ikishuka kwa kasi, kwani mwaka 2007 Hitachi iliuza diski ya kwanza ya terabaiti moja kwa dola 399, kiasi ambacho miaka michache nyuma kisingenunua uwezo huo. Lakini mwaka huohuo Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu ya Marekani, ile inayotoa tuzo za Oscar, ilichapisha ripoti iliyokadiria kwamba kutunza nakala kuu ya kidijitali ya filamu moja kuligharimu dola 12,514 kwa mwaka, ilhali kutunza filamu ya seluloidi katika chumba baridi kuligharimu dola 1,059. Tofauti hiyo haikutokana na bei ya chombo, ambayo ilikuwa ndogo, bali ilitokana na umeme, mafundi, ukaguzi, na ulazima wa kuhamisha data kila baada ya miaka michache kabla chombo hakijafa au hakijapitwa na wakati. Tangu RAMAC, kila punguzo la bei ya chombo limefuatwa na ongezeko la kazi ya mtunzaji, na studio ndogo imekuwa ikinunua chombo tu, huku kazi ikiahirishwa.

Mwaka 2011 maji yalivuruga pande zote mbili za biashara hii. Mwezi Machi tetemeko na tsunami nchini Japani viliharibu kiwanda cha Sony kilichotengeneza kanda za HDCAM SR zilizotegemewa na watengenezaji wa filamu na tamthilia za Marekani, nao wakakimbilia diski na kadi kwa haraka ambayo hawakuipanga. Miezi saba baadaye mafuriko ya Thailand yalizamisha viwanda vya diski, vikiwemo vya Western Digital, na bei za diski zikapanda sana kwa wiki chache, baadhi zikikaribia mara mbili. Wale waliokuwa wamejenga hifadhi zao juu ya dhana kwamba diski ya mwaka kesho daima itakuwa rahisi kuliko ya mwaka huu waligundua kwamba sehemu kubwa ya diski za dunia nzima ilitengenezwa katika bonde la mto mmoja.

Elimu ya kutunza kwa bei ndogo, hata hivyo, ilikuwa imeanza kupatikana hadharani. Mwaka 2007 watafiti wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walitoa matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 na kuonyesha kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa onyo lolote kupitia ishara nne ambazo ndizo zilizotegemewa kubashiri kifo, jambo lililovunja imani ya wengi kwamba diski nzima inayotoa sauti nzuri ni diski salama. Mwaka 2009 kampuni ya Backblaze ilichapisha michoro ya sanduku jekundu lenye diski 45 za kawaida, lililobeba terabaiti 67 kwa dola 7,867, na yeyote aliruhusiwa kuiga. Katika miaka hiyohiyo ilienea pia kanuni iliyotangazwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, kwamba pawepo nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine. Kuhusu kipengele hiki cha mwisho historia ya BBC yenyewe ina ushahidi mzuri: mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vya Doctor Who vilivyodhaniwa kupotea vilikuwa vimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, vikiwa kwenye filamu za milimita 16 zilizopelekwa ng'ambo kwa ajili ya kuonyeshwa. Hakuna aliyepanga Jos iwe hifadhi ya London, lakini nakala iliyo mbali ilifanya kazi yake.

Suala jingine lililoamua gharama lilikuwa umbo la faili. Video isiyobanwa ya mfumo wa kawaida huchukua karibu gigabaiti 75 kwa saa, na ikibanwa kwa njia za kutazamia tu, sehemu ya habari hutupwa moja kwa moja. Kati ya ncha hizo mbili ilitokea mwaka 2003 njia ya FFV1, iliyoandikwa na Michael Niedermayer ndani ya mradi huria wa FFmpeg, ambayo hupunguza ukubwa kufikia takriban nusu bila kutupa hata biti moja na bila kudai ada ya leseni. Hifadhi ya taifa ya sauti na video ya Austria, Österreichische Mediathek, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuitegemea, na mwaka 2021 njia hiyo ilielezwa rasmi katika waraka wa shirika linaloshughulikia viwango vya intaneti. Sambamba nayo huwekwa alama ya ukaguzi, ambayo ni tarakimu fupi inayokokotolewa kutokana na faili zima, hivi kwamba biti moja tu ikigeuka tarakimu hiyo hubadilika yote. Mtunzaji huikokotoa siku ya kunakili na kuilinganisha kila mwaka, naye hugundua uozo kabla nakala ya pili haijaharibika pia.

Taasisi kubwa, kwa wakati huo, zilirudi kwenye kanda, ingawa ya aina nyingine. LTO, kanda ya data iliyoanzishwa mwaka 2000 ikiwa na uwezo wa gigabaiti 100, iliongezeka hadi terabaiti 12 katika kizazi chake cha nane, na kaseti yake hukaa kwenye rafu bila kula umeme. Kwa terabaiti moja kanda hiyo ni rahisi kuliko diski, lakini mashine ya kuisomea hugharimu maelfu ya dola, na mashine ya kizazi cha nane husoma kanda za kizazi chake na kile kimoja tu kilichotangulia. Kwa studio yenye terabaiti 30 au 40 hesabu haijawahi kulipa, na ndiyo maana jozi za diski za nje, zilizonunuliwa kwa nyakati tofauti ili zisitoke katika toleo moja la kiwanda, zimebaki kuwa njia ya wengi.

Kazi iliyobaki ni ya kuingiza yale ambayo bado yako kwenye kaseti, na hapa muda ni mfupi kuliko fedha. Kanda ya analogia, na hata ya DV, haina njia ya mkato: saa moja ya picha huhamishwa kwa saa moja, na deki inayoweza kuicheza haitengenezwi tena, kwa kuwa Funai, kampuni ya mwisho kuunda deki za VHS, ilifunga kazi hiyo mwaka 2016. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na video, ilitoa tahadhari kwa taasisi zote zenye kanda kwamba vifaa na vipuri vinaisha. Mwaka 2025 Apple nayo iliondoa uwezo wa kutumia waya wa FireWire katika mfumo wake mpya wa uendeshaji, ule waya ambao kwa miaka thelathini ulikuwa njia ya kaseti za DV kufika kwenye diski, kwa hiyo mwenye kaseti hizo anayetumia kompyuta za Apple leo hulazimika kutunza, pamoja na diski zake na kamera yake ya zamani, kompyuta moja kuukuu isiyowekewa programu mpya.